Nikodemo Machage, Mlinzi wa Ndoo za Mchanga

Wazee wetu shikamooni, na ninyi mliotoka Nyamwaga na ng'ambo ya mpaka poleni kwa safari. Haya ndiyo maisha ya Nikodemo Machage, kwa kadiri familia inavyoyakumbuka, na yanasomwa na Joram, mdogo wake.

Marehemu alizaliwa Nyamwaga mwaka 1919, tarehe haikuandikwa, ila mama yake alisema ulikuwa msimu wa kuvuna ulezi. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931, akaanza shule ya misheni mwaka huohuo, akafika darasa la nne, akaacha kwa sababu ng'ombe wa nyumbani walikosa mchungaji.

Tarehe 10 Februari 1941 aliingia KAR, jeshi la Mwingereza, akawekwa kwenye bohari ya mafuta Nairobi, na huko akafundishwa kwamba moto wa mafuta haumwagiwi maji, kwa kuwa maji huzama, huchemka, na kuyarusha mafuta juu yakiwaka; hufunikwa kwa mchanga mkavu. Alirudi nyumbani mwaka 1946.

Tarehe 21 Juni 1947 alifunga ndoa na Boke, binti wa Mama Robi wa hapa Bomani, wakajaliwa Simioni mwaka 1948, Efrazia mwaka 1951 na Dorka mwaka 1955. Kwa miaka yote kumi hakuwahi kumgusa mama mkwe wake wala kumzibia njia. Wakikutana, aliingia majanini, akainamisha macho mpaka Mama apite, kama mila yetu inavyotaka.

Tarehe 3 Machi 1952 aliajiriwa kuchochea tanuri katika kiwanda cha samli, akaomba ndoo nane, akazijaza mchanga alioukausha mwenyewe juani, akawa anafukuza kuku wasiuchakure. Mwenzake Ojwang alimtania kila asubuhi, "Bwana Mchanga, ndoo zako zimekunywa chai?" naye akajibu, "Zikinywa chai, atakayeungua ni wewe."

Jumatano iliyopita, tarehe 14 Agosti 1957, saa nne asubuhi, samli ilifurika kutoka kwenye sufuria kubwa ikaingia tanurini, ikawaka. Nikodemo alimwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akasikia yowe limepigwa nje, akajua kinachokuja, maana huku kwetu yowe la moto likipigwa hakuna anayefika mikono mitupu. Alimwachia Ojwang ndoo zilizobaki, akasimama mlangoni na fimbo, akawazuia watu na mitungi yao, akitukanwa na wengine kwamba amerogwa, anataka kiwanda kiungue.

Ndipo alipofika Mama Robi na mtungi kichwani, akilia kwamba mkwe wake yumo ndani, maana hakumtambua pale mlangoni kwa moshi, naye Nikodemo alipomwona akafanya alivyofanya siku zote, akasogea pembeni, akainamisha macho, Mama akapita.

Ojwang anasema zilikuwa zimebaki ndoo mbili tu moto uzimike.

Nikodemo alipoinua macho alikimbia ndani, akamshika Mama Robi mabegani, akamsukuma nje, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa, na samli ikamrukia Nikodemo ikiwaka.

Alipelekwa hospitali akiwa na fahamu zake. Madaktari walimsafisha na kumfunga bendeji, wakatuambia waziwazi kwamba hawana zaidi ya hayo, nasi tulikaa tukimpungia nzi. Alimuuliza Boke kama Mama ameungua, akaambiwa ni mkono tu, akasema, "Niombeeni radhi kwa Mama, nimemshika." Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Agosti, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Ojwang na wafanyakazi wenzake waliombeba, na majirani wote mliokuja na maji. Hatuna neno na yeyote, mlikuja kumsaidia. Mitungi yenu minne bado ipo uani, wenyewe waichukue. Ila alichokisema mlangoni hamkukisikia kwa kelele, kwa hiyo tunakirudia hapa: moto wa mafuta ni mchanga, si maji.

Mama Robi, hujala tangu Jumatano. Radhi aliyoiomba tunakuletea hapa mbele ya watu, naye hakudai kitu kwako. Tafadhali ule.

Nikodemo, zamu yako imekwisha. Pumzika kwa amani, ndoo tutazijaza sisi.