Hajati Bushira na Kichupa cha Maji Matupu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Hajati Bushira Marjan atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mitatu katika maabara yetu ya Bugolobi. Sisi tunaobaki bado tunajifanya hatujaiona tarehe hiyo kwenye kalenda.

Alianza mwaka 2002, wakati kusoma vinasaba kulikuwa kazi ya kuvizia herufi chache kutwa nzima. Leo mashine zinasoma mamilioni, na watafiti wanatuletea sampuli kutoka Gulu, Kisumu na Bunia: damu, mate, majani ya muhogo, hata manyoya ya kuku. Wote aliwapokea kwa Kiswahili alichokirithi kwa baba yake askari, kinachoanza kama amri na kuishia kwenye chai.

Na aliimba. Mashine ikishaanza kunguruma, mvua ya alasiri ikipiga mabati ya jirani, Hajati alianza wimbo wa harusi za Wanubi kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbali. Mimi, upande wa pili wa kioo, nikitazama herufi zikishuka kwenye kompyuta, mara nyingi sikujua kama nafanya kazi au naota. Niseme ukweli, nilipenda kutojua.

Katika kila kundi la sampuli alitaka kiwemo kichupa cha maji matupu, nacho kisomwe kama vingine. Kikinyamaza, bila kinasaba hata kimoja, kazi ni safi. Kikisema neno, basi kuna mtu kaingia pasipo pake.

Mwaka 2018 kilisema. Daktari Amony alikuwa ametuletea mate ya watoto waliozaliwa viziwi huko kaskazini, akitafuta chanzo katika vinasaba vya familia zao. Kwenye maji matupu tukakuta vinasaba vya binadamu, na hivyo hivyo, kwa uhafifu, vimo ndani ya sampuli za watoto. Mtoto angeweza kupewa jibu la mtu mwingine. Mate yaliyobaki yalitosha kusomwa mara moja tu.

Wakubwa walipokuwa wakitafuta maneno laini, Hajati alitema mate yake mwenyewe kwenye kichupa, akaomba yasomwe. Majibu yalipotoka, alimpigia Daktari Amony simu mbele yetu: "Daktari, ile si ya watoto. Ile ni mimi. Nilishusha barakoa, nikaimba." Tukajua kazi yake imekwisha. Daktari akasema kazi airudie Hajati huyo huyo, kwa sharti asiimbe.

Siku ya kurudia, chumba kilikuwa kimya mpaka nikauchukia ukimya. Hajati alivaa barakoa mbili. Maji matupu yalinyamaza, na watoto wakasomeka. Mama mmoja wa Kitgum, Acen, aliyelaumiwa na wakwe kwa uziwi wa mwanawe, alielezwa mbele yao kwamba umetoka pande zote mbili za ukoo. Alimtumia Hajati mfuko wa simsim, nasi tukaila sote bila aibu.

Tangu hapo vinasaba vya Hajati vimo kwenye kompyuta zetu, kwa ridhaa yake, na programu yangu huanza kila uchambuzi kwa kumtafuta yeye. Siraje, anayerithi kiti chake, amefundishwa yote isipokuwa nyimbo.

Anayestaafu ana haki ya kufutiwa taarifa zake. Nilimuuliza wiki iliyopita, huku nikiomba moyoni akatae. Alikuwa anapangusa meza, hata hakugeuka. "Wewe Okidi, wachana nayo, ibaki hapo. Siku nakuja kusalimia, mutajua kama nimeimba."

Asante, Hajati, kwa mikono yako, na kwa ile simu. Nenda kwenu Bombo ukapumzike, uimbe bila barakoa, wajukuu wakuzunguke na afya isikupungukie. Nasi kila asubuhi tutakutafuta kwenye maji matupu. Kazi ikiwa safi, hatutakukuta, na hilo ndilo litakalotuuma.

Okidi Jasper
Idara ya Uchambuzi wa Data