Nionyeshe: Maisha ya Arlys Tollefsrud, Mkaguzi wa Mitihani

Mchungaji, ndugu wa ukoo wa Kvamme na wa Tollefsrud, majirani wa Stenvik, na ninyi mliotoka mji mkuu wa jimbo alfajiri hii barabara ikiwa bado na utelezi, asanteni kwa kufika. Katika kanisa letu historia hii husomwa na mchungaji au na mtoto wa marehemu, lakini Arlys aliagiza niisome mimi, mume wake, Verlyn, na nisiseme jambo nisiloweza kulithibitisha. Sehemu ya mwanzo aliipitia mwenyewe mwezi Februari, akafuta neno "mpole" mahali pawili, nami sikulirudisha.

Arlys Kvamme alizaliwa Jumanne, tarehe 13 Novemba 1951, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, maili nne kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Palmer na Inga Kvamme, ambao wote wametangulia, kama alivyotangulia kaka yake mkubwa, Norris, mwaka 2011. Kaka yake wa pili, Edvin, ameketi safu ya mbele, na ndiye aliyenisimulia kwamba Arlys alipokuwa na umri wa miaka sita aliambiwa na kaka zake kuwa ng'ombe wote wamekwisha kukamuliwa, akavaa mabuti ya baba yake, akawafuata zizini kwenye theluji, akasema, "Haya, nionyesheni." Sikuwepo, nalisema kama Edvin alivyolisema.

Alianza shule mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya kwenda ziwani, akamaliza sekondari hapa Stenvik tarehe 30 Mei 1969, kisha akasomea ualimu wa hesabu na kuhitimu mwaka 1973, na baadaye, akiwa tayari mama wa mtoto mmoja, akapata shahada ya pili katika upimaji wa elimu mwaka 1981. Alifundisha hesabu kwa miaka kumi na mitatu katika shule mbili za wilaya jirani, na wapo humu ndani watu wazima wenye mvi ambao hadi leo hawathubutu kuandika jibu bila kuonyesha njia.

Tulifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 18 Juni 1977, mimi nikiwa mhadhiri kijana wa jiografia, na Mungu akatujalia watoto wawili, Karsten, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1980, na Maren, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1983, na kupitia kwao wajukuu watatu. Kuhusu ndoa yetu nitasema tu kwamba katika miaka arobaini na sita sikuwahi kumwambia nimefunga mlango wa nyuma bila yeye kwenda kuutikisa, na kwamba mara nyingi nilikuwa sijaufunga.

Mwaka 1986 aliajiriwa na ofisi ya elimu ya jimbo, katika kitengo kidogo cha kukagua mitihani, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2013. Kwa kuwa watu wengi waliichanganya kazi yake na nyingine, alitaka ielezwe vizuri: hakutunga maswali, wala hakusahihisha majibu, alikagua namna mtihani wa jimbo zima ulivyofanywa, nani alifungua bahasha na mbele ya nani, maelekezo yalisomwa kama yalivyoandikwa au mtu aliyaongezea chumvi yake, ramani na chati ukutani zilifunikwa au ziliachwa wazi, na mtoto aliyetapika katikati ya kipindi alipelekwa wapi na karatasi yake ikabaki mikononi mwa nani. Hakuwahi kumuuliza mwalimu kama alidanganya. Alimwomba arudie yaliyofanyika, hatua kwa hatua, huku yeye akiwa ameketi kwenye kiti cha mtoto. Alisema kwamba ukimuuliza mtu alichofanya atakupa anachokumbuka, au anachotamani kuwa amekifanya, lakini miguu na mikono yake haina habari na hayo.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mnapangojea, na wengine mngependa niparuke. Nilimuuliza Arlys kama nipaseme, akasema, "Paseme, lakini paseme pote."

Mwezi wa Aprili mwaka 1998 mashine ya kusahihishia iliona kwamba darasa la tano la Stenvik lilikuwa limepanda katika hesabu kupita shule zote za wilaya, na kwamba katika karatasi za watoto wale viduara vingi vilikuwa vimetiwa kivuli, vikafutwa kwa raba, vikatiwa upya, na karibu kila kilichofutwa kilikuwa kimetoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Mwalimu wa darasa alikuwa Bernadine Skoglund, ambaye alikuwa amefundisha hapa miaka thelathini na mmoja, mjane, asiye na mapato mengine, na adhabu ya kubadilisha majibu ya watoto ilikuwa kunyang'anywa leseni ya ualimu. Mkuu wa kitengo, marehemu Lowell Prentiss, alikuwa amekwisha kuamua. "Arlys, raba imesema yote," alimwambia. "Andika udanganyifu, tufunge jalada, twende likizo." Arlys akamjibu, "Raba imesema kulifutwa. Haijasema nani."

Aliwahoji watoto, na wote walisema mwalimu hakuwaambia kitu, na walisema kweli. Kwa hiyo akaomba mtihani urudiwe. Alasiri ya Alhamisi, tarehe 14 Mei, watoto wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, watu wazima saba tuliketi katika darasa la tano, magoti yakigusa videvu: mwalimu mkuu, wajumbe wawili wa bodi ya shule, mpishi, dereva wa basi Orville Brekke, Bwana Prentiss mwenyewe, na mimi, niliyekuwepo kwa sababu tu gari la Arlys lilikuwa gereji na mimi ndiye niliyemleta. Tulipewa penseli, raba na mtihani wa zamani wa hesabu, na Bernadine akaombwa asimamie kama siku ile.

"Bernadine," akasema Orville, "mimi na hesabu za sehemu tuliachana mwaka hamsini na tatu, usitegemee muujiza."

"Nyamaza, Orville, mtihani umeanza. Na toa kofia."

Akasoma maelekezo, hakuongeza neno. Kisha akaanza kuzunguka kati ya viti, taratibu, kama anavyozunguka mtu anayemwagilia maua, na alipofika kwa Orville kidole chake kikagonga ukingo wa meza mara mbili, kwa wepesi, naye akaendelea mbele bila kugeuza kichwa. Orville akaitazama karatasi, akachukua raba, akafuta. Bernadine akapita kwangu bila kugonga, jambo ambalo nakiri lilinifurahisha, akafika kwa Bwana Prentiss, akagonga mara mbili, na mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa mitihani wa jimbo zima akachukua raba yake, naye akafuta.

Arlys alisimama. "Bernadine, umefanya nini pale kwa Orville?"

"Wapi? Nimepita tu."

"Mezani kwake."

"Sijafanya kitu, Arlys, umeniona mwenyewe, sijafungua mdomo."

Orville ndiye aliyesema, na alisema kwa upole. "Umegonga, mama. Umegonga, nikajua nimekosea."

Bernadine alikitazama kidole chake kama kitu alichokiokota barabarani. Ndivyo alivyofundisha maisha yake yote; palipo na kosa alikuwa hasemi, hafokei, anagonga mara mbili, maana yake "tazama tena," na mtoto anatazama tena. "Jamani," akasema. "Kila mwaka?" Akavuta kiti cha mtoto, akaketi, na mpishi akaenda kumletea kahawa.

Taarifa ya Arlys ilikuwa na sentensi mbili ambazo kila upande ulitaka moja iondolewe. Ya kwanza ilisema matokeo ya hesabu ya darasa la tano la Stenvik yasihesabiwe, kwa kuwa watoto walisaidiwa. Ya pili ilisema mwalimu hakukusudia udanganyifu wala hakujua kwamba anasaidia, na leseni yake isiguswe. Wazazi wa hapa walitaka ya kwanza ifutwe, kwa sababu bango la pongezi lilikuwa limekwisha kutundikwa mlangoni mwa shule na watoto walikuwa wamepigwa picha chini yake. Bwana Prentiss alitaka ya pili ifutwe, kwa sababu ofisi ilihitaji kuonekana kali. "Chagua," alimwambia mbele ya wenzake. "Ama walisaidiwa, ama mwanamke huyu hana hatia. Huwezi kushika vyote viwili." Arlys akasema, "Vyote viwili vimetokea," akatia sahihi.

Alijua atakachopoteza, na alikipoteza. Mwaka uliofuata nafasi ya ukuu wa kitengo, ambayo wote walijua ni zamu yake, alipewa mtu mwingine. Hapa nyumbani bango liliteremshwa, na ninyi mnajua jinsi watu wetu wanavyokasirika: hakuna aliyemtukana, hakuna aliyepaza sauti, ila kila tulipokuja ibadani na mama yake, kule ukumbini sahani ya keki ilikuwa inaisha kabla ya kufika mezani petu. Bernadine alibaki na kazi yake miaka mingine sita, akisimamia vipindi mikono yake ikiwa nyuma, mmoja umeshika mwingine, na kwa muda wote huo hakumsalimu mke wangu.

Tarehe 9 Februari 2006 tulipomzika mama mkwe wangu, Bernadine aliingia jikoni kwetu na theluji mabegani, amebeba mikate myembamba ya viazi iliyofunikwa kitambaa, akaiweka mezani, akasema nikiwa nasikia, "Nilikuchukia miaka minane kwa ile sentensi yako ya kwanza, na muda wote huo nilikuwa nakula kwa ile ya pili." Arlys akasema, "Vua koti, Bernadine, unalowesha sakafu." Tangu siku hiyo walicheza karata kila Alhamisi, wakishtakiana kuibiana, na kila mmoja akimdai mwenzake ushahidi.

Jambo moja zaidi la kazi yake. Arlys alipendekeza kwamba mwalimu asisimamie mtihani wa watoto wake mwenyewe, si kwa sababu walimu ni wezi, aliandika, bali kwa sababu wanawapenda watoto wao na mikono yao inajua hivyo. Pendekezo lilikataliwa mara mbili, likakubaliwa mwaka 2001, na wiki hii ya Aprili tunayomzika, walimu wa jimbo hili wamebadilishana madarasa, wengi wao bila kujua ni nani aliyewahamisha.

Marehemu alianza kuugua mwezi Agosti mwaka jana, akidhani ni maumivu ya mgongo ya kazi za bustani, na tarehe 19 Oktoba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kusambaa. Aliuliza maswali manne, akapata majibu manne, akaamua kubaki nyumbani. Mwezi Machi, alipokuwa hawezi tena kushuka ngazi, alianza ukaguzi wake wa mwisho, na aliyekaguliwa ni mimi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitaweza kuishi peke yangu. Akasema, "Nionyeshe." Basi kila asubuhi nilimwonyesha: nilipanga vidonge vyangu vya presha mbele ya kitanda chake, nilipika uji wa shayiri na kumletea sufuria aone chini haijaungua, na kwa kuwa hakuweza kuiona mashine ya kufulia, nilitakiwa kuchambua nguo sakafuni chumbani humo, nyeupe huku, za rangi kule, kabla ya kuzipeleka chini.

Mtihani wa kufua nilianguka. Nilianguka mara ya kwanza, na mara ya pili, siku ya Alhamisi tarehe 11 Aprili, Bernadine, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nilichukua soksi yangu nyekundu, nikaiweka juu ya shuka nyeupe, na hapo nikasikia kidole kwenye mkono wa kiti, mara mbili, kwa wepesi. Nikaitazama tena, nikaitoa. Arlys, aliyekuwa amefumba macho, tukidhani amelala, akasema, "Bernadine. Mikono nyuma." Wakacheka wote wawili hadi muuguzi akapanda juu kuona kuna nini. Arlys akaandika kwamba sijafaulu, kwa kuwa nilisaidiwa. Maana yake alimwambia muuguzi aandike, na muuguzi akaandika. Sikumsikia akicheka tena baada ya hapo. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Karsten, Maren na mimi tukiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari waliomwambia ukweli mara ya kwanza alipouuliza. Muuguzi Thandra, aliyekuja kwenye matope na kwenye barafu. Majirani walioondoa theluji mlangoni bila kugonga kengele. Wenzake wa ofisini, waliokuja leo wakati wa msimu wao mgumu kuliko yote. Kina mama wanaotuandalia chakula ukumbi wa chini, ambako nimehakikishiwa kwamba keki itafika meza zote. Na Bernadine Skoglund, aliyekesha naye ili mimi nilale.

Jana asubuhi nilifua shuka za kitanda chake. Nilizichambua peke yangu, hapakuwa na mtu kitini, na hakuna aliyegonga.

Arlys, zimetoka nyeupe. Pumzika kwa amani.