Kamba ya Ng'ombe Kifuani mwa Chance

Benchi letu liko kwenye pembe moja ya mtaa wa Katoyi: ubao juu ya mawe mawili meusi ya volkano, mbele ya meza yangu ya kushona viatu. Pembeni anakaa Mama Donatille na termosi zake za kahawa ya tangawizi na beseni la maandazi yanayoitwa beignets. Wateja wake ni walewale. Kuna muzee Harelimana, tunamwita Vétérinaire, aliyechunga ng'ombe Masisi mpaka vita vikamshusha mjini bila hata mmoja. Kuna Grégoire, tunamwita Docteur kwa sababu alilinda mlango wa farmasi miezi minane. Na kuna Cubaka, mtu wa upande wa Bukavu, mpakuzi wa mizigo ya magari, tunamwita Kilo. Kila mmoja anajua kila kitu, na mimi ndiye mchochezi wao, maana mchana usio na ubishi hauishi. Kwa habari ya Chance, heri ningenyamaza.

Chance ana miaka kumi na sita. Baba yake, Barthélemy, alikuwa akisukuma chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, mpaka gunia la makaa likamvunja mgongo. Sasa chukudu imeegemea ukuta na nyumba nzima inaitazama. Wiki tatu kabla ya ijumaa ninayoisimulia Chance alikuja akatuuliza, kwa adabu, mtu mwenye pesa kidogo ale nini ili apate misuli, kwa sababu baada ya wiki tatu, siku ya lundi, yaani jumatatu, ataishika chukudu ya baba yake na hataki imshinde kwenye mwinuko. Ni mimi niliyemwambia asimame hapo hapo, wakubwa watamjibu.

Vétérinaire alileta kamba. Kwao, ndama hapimwi kwa mizani. Unamzungushia kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unafunga fundo, na wiki inayofuata unaona kama fundo limesogea. Hivyo ndivyo alivyompima Chance kila ijumaa, shati likiwa juu, watu wakipita. Ijumaa hiyo ya tatu ilikuwa ya mwisho.

VÉTÉRINAIRE — Muangalie. Fundo ya semaine iliyopita haifike tena. Kifua imejaa.

KILO — Hata mashavu imejaa. Lundi huyu anapandisha magunia tano bila kusimama.

VÉTÉRINAIRE — Ni maziwa. Nilimuambia siku ya kwanza: lita asubui, lita mangaribi. Mutoto wa Masisi anajengwa na maziwa.

KILO — Maziwa ya nani, muzee? Ng'ombe zako ziko wapi?

Hapo kahawa ilipoa. Mambo ya ng'ombe wa Harelimana hatuyagusi kwenye benchi letu, na Kilo anajua.

VÉTÉRINAIRE — Cubaka. Ile maneno usiirudilie.

KILO — Sikusema kwa ubaya, papa. Nasema huyu iko mutoto wa musukumaji, haiko wa chef. Maziwa ataitoa wapi? Miye nilimuambia maharage. Maharage, bugari, ndagala kidogo, na mboga ya lengalenga ya uani. Ile ndiyo ilinijenga.

DOCTEUR — Maharage inajaza tumbo tu.

KILO — Inajaza tumbo kama unakaa. Ukikula ile, unabeba jiwe palepale, chakula inashuka ku mikono. Batu ba bureau, juu ya nini banakuwaka na matumbo? Banakula na banakaa. Chakula inakosa njia.

VÉTÉRINAIRE — Chakula inakosa njia. Sikiliza mutu. Kwetu dume lilikuwa linakula majani tu, na hakuna mwenye alilibebesha jiwe.

KILO — Basi mupe Chance majani.

DOCTEUR — Munabishana kama batu benye hawajafika ku farmasi. Misuli ni maji. Maji ikishikwa ndani ya nyama, nyama inapanda. Niliona na macho yangu: kijana anaingia kama fito, anameza vile vidonge vidogo, nyuma ya wiki mbili hata mama yake anamupita njiani. Ile kifua munapima hapa haiko ya maziwa, haiko ya maharage. Ni yangu.

Kamba ilikuwa bado kifuani mwa mtoto. Vétérinaire aliiachia upande mmoja.

VÉTÉRINAIRE — Ulimupa huyu mutoto vidonge?

DOCTEUR — Sikumupa. Nilimuonyesha pahali banauzishaka.

VÉTÉRINAIRE — Grégoire, nakuuliza kama mutu muzima.

DOCTEUR — Na miye nakujibu kama mutu muzima. Fundo yako imesogea ao haijasogea? Ulikuwa unafurahi sasa hivi.

Vétérinaire alisimama. Kilo naye akasimama, nikadhani atawatenganisha, kumbe alitaka tu kuwa karibu. Mimi nilishika nyundo yangu nikaendelea kugonga soli ambayo ilikwisha kugongwa. Niseme ukweli, uso wa Chance nilikuwa nimeuona umekuwa duara tangu jumapili. Nikajiambia ni afya.

Kwenye kiti changu cha wateja alikuwa amekaa mama mmoja, akisubiri kiatu chake kimoja, mguu umewekwa ndani ya kandambili ninayowaazima watu. Anaitwa Alliance. Ni relais wa mtaa wa juu, wale akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kutazama watoto kisha wanawapeleka centre de santé, kituo cha afya. Sisi hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba ni mteja aliyekunywa kahawa yake.

ALLIANCE — Wewe kijana, kuya hapa. Pandisha patalo.

Chance alipandisha suruali mpaka kwenye goti. Alliance akamwekea kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akabonyeza, akahesabu polepole, akaondoa. Shimo likabaki. Tuliliangalia likikataa kujaa. Hakuna mtu wa hapa ambaye hajaona shimo la namna ile kwenye mguu wa mtoto mdogo aliyevimba kwa njaa, kwenye makambi ya wakimbizi. Kwenye mguu wa mtu tunayemsifia misuli, tulikuwa hatujaliona.

ALLIANCE — Vidonge iko wapi?

Chance alitoa kikaratasi mfukoni.

ALLIANCE — Makuta ya kuinunua ulitoa wapi?

CHANCE — Ni ya kula midi, ya muchana. Papa ananipatiaka ya maharage. Docteur alisema kidonge moja inapita sahani mbili.

ALLIANCE — Na mangaribi?

CHANCE — Mangaribi naachia badogo bangu. Nilikuwa nimeisha kunenepa, basi nikasema haina shida.

Docteur alijivuta mpaka mwisho wa benchi.

ALLIANCE — Usiimeze tena bila kuonwa, na usiitupe. Tunaenda nayo centre sasa hivi, baone ni nini ulimeza na siku ngapi.

KILO — Mama, miye nilisema maharage tangu mwanzo. Batu bote hapa ni bashahidi.

ALLIANCE — Ulisema, papa. Nimekaa hapa nasikia. Muliongea maziwa, mukaongea maharage, mukamupima na kamba kama ng'ombe ya kuuzisha. Wiki tatu. Sasa nauliza kitu moja tu. Nani kati yenu alishamuona anakula?

Kilo alimtazama Vétérinaire. Vétérinaire alinitazama mimi. Niliwaza kweli, kwa bidii, nikitafuta hata siku moja, hata mara moja, hata ndizi. Nilimkumbuka amesimama. Nilimkumbuka akisikiliza, akiitika ndiyo papa, ndiyo muzee, macho yake upande wa beseni la Mama Donatille, nami nilidhani anaona haya kututazama usoni.

Alliance hakungoja jibu. Alimshika Chance mkono wakaondoka, yeye akiwa na kiatu mguu mmoja na kandambili yangu mguu wa pili. Kijana alitembea polepole sana kwa mtu wa kushika chukudu lundi.

Vétérinaire alianza kufungua mafundo ya kamba, moja baada ya lingine, kwa kucha.

— Miye niliwauliza nyinyi kila siku munataka ngapi, alisema Mama Donatille, lakini kama anasema peke yake. Yeye sikumuuliza.

Kilo alikuwa na nusu ya beignet mkononi, ameichovya kwenye kahawa kabla ugomvi haujaanza. Aliishika hivyo hivyo, ikidondoka juu ya goti lake, na hakuna aliyemwambia aile.