Kombi Iliyozibwa Kila Tundu

Tangu Jumapili nimeshindwa kusahau uvumi wa mtu aliyelala na makaa ndani ya gari, hakuamka. Leo kwenye basi ya kwenda Ndera, kijana mbele yangu alikuwa anamsifia mama wa pembeni kombi yake, utadhani ni mchumba. "Nimeipigilia mbao, nikaweka kitanda na sponji. Kila tundu nimeziba, baridi haipiti."

"Unapikia wapi, mwanangu?"

"Humo humo, kwa jiko la imbabura. Makaa yakishakolea hayana moshi, mama."

"Na asubuhi nani anakugongea uamke?"

Akacheka kidogo. "Kitanda ni cha mtu mmoja."

Basi ikasimama, akashuka kabla mama hajajibu.

Nami nawaambia, wanangu, msiingize makaa ndani ya gari, hata yasiyo na moshi; sumu yake haionekani. Msizibe matundu yote. Msilale popote bila mtu kujua mko wapi.