Paskalina wa Ferdinandi, na Swali Aliloniuliza Msibani

Mimi sikutaka kuandika haya. Nilisema waandike waliosoma, nyumba imejaa waliosoma. Lakini mama yake, Clara, sauti imemkauka, na baba yake mdogo Joachim kila akishika kalamu anainuka anakwenda nyuma ya nyumba. Basi nimeandika mimi bibi yake, mama Ferdinandi, niliyeishia darasa la tatu. Joachim atasoma tu. Nimemwambia asinirekebishe kitu.

Marehemu Paskalina alizaliwa Fukayosi tarehe 7 Aprili 1996, Jumapili ya Pasaka, ndiyo maana ya jina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mwanangu Ferdinandi na mkewe Clara. Alibatizwa Bagamoyo mwezi wa sita mwaka huohuo. Hakulia alipomwagiwa maji. Alimkodolea padri macho mpaka padri akacheka. Ndivyo alivyokuwa huyu, mtu wa kutazama watu.

Baba yake alifariki Oktoba 2005, mtoto ana miaka tisa. Hapo nataka msikilize, maana mengine yote yanarudi hapo, nadhani. Siku ya mazishi mtani wetu Maulidi, Mnyamwezi, ambaye baba yake alikuja huku kukata mkonge, alifanya kazi yake ya utani. Alivaa kofia ya Ferdinandi. Akaigiza Ferdinandi anavyosukuma baiskeli iliyotoka mnyororo, huku anaitukana baiskeli. Kisha akashuka kaburini akalala. "Hiki chumba nimekipanga mimi! Huyu mvivu mrudisheni kwa mama yake!" Alikataa kutoka mpaka alipopewa jogoo. Watu walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo. Paskalina akaja, akanivuta kitenge.

"Bibi, unacheka au unalia?"

"Toka hapa. Niletee maji."

Alileta maji. Akasimama ananitazama ninavyokunywa, kama mtu anayeangalia maziwa yasichemke yakamwagika. Kesho yake nilikwenda shamba kupalilia mananasi, akanifuata, akapalilia tuta la pembeni yangu. Hakuniuliza tena.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akamaliza 2010. Sekondari alisoma bweni mjini Bagamoyo, kidato cha tano na sita akasoma Morogoro. Mwaka 2017 alipata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam. Tukafurahi, tukasema atakuwa mwanasheria, maana alikuwa hachoki kuuliza. Akasema anakwenda kusoma saikolojia.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika, na hakijatulia mpaka leo. Wengine hapa kijijini walisema anakwenda kusomea wehu. Wengine wakasema anafundishwa kuona mawazo ya mtu akiwa amenyamaza. Nikamjaribu. Nikamwambia, "Haya, mimi nawaza nini?" Akasema, "Unawaza kama nimekula." Alipatia. Sikumwambia.

Lakini kwa nini aliyachagua masomo hayo? Joachim alimuuliza, akajibiwa ni alama zake ndizo zilizompeleka. Padri alimuuliza, akajibiwa anataka kuhudumia watu. Mumewe anasema aliambiwa ni kwa kuwa anapenda kusikiliza. Mimi nilipomuuliza alisema, "Kwa sababu yako, Bibi." Akacheka, akaendelea kuchambua mchele. Kwa sababu yangu mimi? Mimi nina nini? Sijawahi kuokota makopo, sijawahi kupunga pepo, sijawahi kulazwa!

Juzi amefika rafiki yake mmoja, msichana waliyesoma pamoja chuo. Ameniamkia vizuri, shikamoo yake ya magoti. Nikamkalisha mkekani, nikamuuliza, nyie wanafunzi mnayachagua haya masomo kwa nini? Akasema, "Bibi, sisi wengi tuna mtu nyumbani. Mmoja alikuwa na kaka yake aliyejifungia chumbani, mwingine mama yake. Mwingine ni yeye mwenyewe, ila hasemi." Nikamuuliza, "Na Paskalina?" Akainamisha macho. "Alisema ni bibi yake." "Bibi yake ana nini?" "Hakutuambia. Alisema yeye mwenyewe bado hajajua, ndiyo maana anasoma."

Sasa nyie mnaelewa? Mimi sielewi.

Likizo yake ya kwanza kutoka chuo, tuko jikoni, ghafla ananiuliza, "Bibi, siku ile ulikuwa unacheka au unalia?" Nikamwambia, "Siku ipi?" Nilijua ni siku ipi. Lakini mambo ya msibani hayajibiwi jikoni. Nikampa nazi akune.

Alihitimu 2020. Akaajiriwa kituo cha afya upande wa Zinga, mshauri wa watu wenye mawazo. Nilikwenda mara moja kuiona kazi yenyewe. Chumba kidogo, viti viwili. Watu wanaingia wakavu, wanatoka wamelowa macho, na hakuna aliyepewa hata panadoli. Nikamwambia, "Kazi gani hii, ya kuliza watu wazima?" Akasema, "Bibi, hata wewe kiti kipo." Nikamwambia nina gari la kuwahi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2022 na Adamu, mwalimu wa hesabu. Nilimuuliza huyo kijana, "Unaoa mtu anayejua unachowaza, huogopi?" Akajibu, "Bibi, itanipunguzia kuongea." Nikamkubali palepale. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Clara mdogo.

Mwanzoni mwa 2024 miguu ilianza kumvimba. Ikaonekana ni figo. Alikuwa akipelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu, akirudi amechoka lakini anauliza habari za kila mtu. Nilikaa naye mwezi wa kwanza mwaka huu. Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Naogopa, Bibi." Hivyohivyo tu. Katika ukoo wetu sijapata kusikia mtu analitamka neno hilo mchana, kwa sauti yake. Nilimenya chungwa, tukala. Kisha nikamwambia, sasa niambie, kwa sababu yangu kwa vipi? Akasema, "Nitakuja Pasaka, nitakwambia. Na wewe utanijibu lile swali langu." Tukakubaliana.

Amefariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, hospitalini. Pasaka haijafika.

Ameacha mume, Adamu, mtoto, Clara mdogo, mama, Clara, baba mdogo, Joachim, na ndugu wengine wengi. Na mimi, ambaye ndiye niliyepaswa kuwa ndani ya hilo jeneza. Mungu ampokee, ampe kiti kizuri, na huko pawe na mtu wa kumuuliza yeye hali.

Sasa la mwisho. Kamati ya mazishi imemwambia mtani Maulidi akae kimya leo, kwa sababu wapo wageni wa chuo na madaktari, watatuona washamba. Kamati haikuzaa Ferdinandi, wala haikumlea Paskalina. Maulidi, najua umezeeka na goti ni bovu, Joachim atakushika mkono. Inuka. Chukua kitambaa chake cha kichwa, Adamu anacho. Keti kama alivyokuwa anaketi, ututazame mmoja mmoja vile alivyokuwa anatutazama, kisha ushuke kaburini ukatae kutoka kwenye hicho chumba. Jogoo nimeshamfunga chini ya mwembe.

Na wewe uliyepewa nakala ya karatasi hii, uwe profesa, uwe nani, cheka. Usinikodolee macho. Kisha uje usimame karibu yangu, unitazame vizuri, uniambie ninacheka au ninalia, maana aliyekuwa ananiuliza ndiye huyu tunamzika.