Kahonzi Mwambire na Simsim Waliyomwambia Aongeze

Marehemu Kahonzi Mwambire alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 huko Ganze, mtoto wa tatu wa Mzee Mwambire na Mama Nyevu. Mimi niyasomaye haya ni mdogo wake, Charo. Familia imeniomba niwe mpole, nami nitajaribu.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1950, akaishia darasa la nne kwa kuwa baba alisema msichana akijua kusoma barua inatosha. Mwaka wa 1959 aliolewa na Dena Karisa, wakakaa Sabaki, wakajaliwa watoto watano. Huko alilima mtama na simsim, na kashata zake za simsim zilijulikana soko zima la Malindi. Mteja akiuliza kama ni tamu, alimpa kipande na kumwambia, "Ukinyamaza nitajua."

Julai 1983 walikuja watafiti kutoka ng'ambo, pamoja na muuguzi Jedida aliyewatafsiria. Waliwauliza akina mama wanakula nini, kisha wakaomba mkojo wao katika chupa. Kahonzi alicheka mpaka akakaa chini. "Mkojo wangu utapanda ndege kabla yangu," alisema.

Jedida alieleza vizuri. Simsim na nafaka isiyokobolewa zina kitu kiitwacho lignani. Vijidudu vya utumboni hukigeuza kikawa mfano wa homoni ya kike, ila dhaifu, unaopimika katika mkojo, na huenda kikaikalia nafasi homoni yenyewe, ile kali inayoweza kukuza saratani ya matiti. Huenda, alisema, bado wanachunguza. Nilikuwapo siku ile na nilimsikia akilirudia neno hilo. Lakini watu walifika majumbani mwao wakisema mla simsim hapati saratani.

Februari 1985 dada aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini Kahonzi hakuficha. Alimwambia mumewe siku ile ile, wakaenda kwa daktari, naye akataka titi liondolewe upesi. Katika ukoo ule mke hapasuliwi mpaka wazee wa mume wakae kikao. Wakakaa. Mzee Gona, ami yake Dena, ndiye aliyetoa neno la mwisho.

"Mwanangu, wewe simsim huikosi. Huo utakuwa uvimbe wa maziwa tu. Ongeza chakula chako. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Baba, kinga imeshapitwa," dada alimjibu. "Sasa naomba tiba."

Akaambiwa anawavunjia wazee heshima. Dena alinyamaza, na aliendelea kunyamaza mwaka mzima, huku mkewe akiletewa simsim kwa vikapu. Simsim haina kosa. Chakula kinachoweza kupunguza hatari hakiondoi uvimbe uliokwisha kuota, na hilo halihitaji mtafiti kulisema. Waliokaa kikao kile wako hapa leo, katika viti vya mbele. Nina uchungu nao na sioni haya kuusema.

Alipofikishwa hospitali, Mei 1986, saratani ilikuwa imeshaingia kwapani na kwenye mapafu. Jedida alipopata habari alikuja kumwona, akalia kando ya kitanda. Dada akamshika mkono. "Usilie, mwanangu. Wewe ulisema huenda."

Alifariki Jumatatu, tarehe 17 Agosti 1987, akiwa na umri wa miaka arubaini na sita.

Ameacha mumewe Dena, watoto watano, wajukuu wanne, na sisi nduguze. Kadzo, kifungua mimba wake, ameniruhusu niseme kwamba tangu Juni naye ana uvimbe kwenye titi. Yeye na mumewe wamekubaliana, na Jumatatu nitawasindikiza hospitali. Wazee wakitaka kukaa kikao, na wakae. Watatukuta tumeshaondoka.

Mungu ampe Kahonzi huko aliko raha aliyonyimwa na watu wake.