Mwalimu Shikanga na Chuo Kilichokataa Kutumia Mikono

Wasikilizaji wapendwa, kama betri zenu mlizianika juani tangu asubuhi, sasa zirudisheni redioni. Mzee akae. Mtoto anayelia apewe kipande cha muwa. Leo tunamkumbuka Mwalimu Cornelius Shikanga wa Chuo cha Ufundi cha Eshibanda, njia ya kwenda Butere, aliyezikwa Jumamosi iliyopita.

Narudia kwa waliokuwa bado wanatafuta stesheni: Mwalimu Cornelius Shikanga. Mwalimu wa michezo. Mtu mfupi. Ufupi wake tunautaja kwa heshima zote, kwa sababu bila huo habari hii haina kichwa wala miguu. Na miguu, wapendwa, ndiyo iliyomtesa maisha yake yote.

Si miguu yake. Ya wengine.

Eshibanda kilikuwa chuo cha soka. Mwashi alicheza soka, seremala alicheza soka, mpishi alitoa nyama kubwa kwa mfungaji. Shikanga mwenyewe hakuwahi kuchaguliwa. Tangu shule ya msingi alikuwa akipewa kibendera akimbie nacho kando ya mstari. Kisha siku moja, akiwa chuo cha ualimu, mpira mkubwa wa rangi ya chungwa ukamwangukia mikononi. Akaudunda chini. Ukamrudia.

"Aliniambia hicho ndicho kitu cha kwanza maishani alichokitupa kikarudi," anasema mjane wake, Mama Pascalia Khalayi. "Mimi nilikuwa nimeshamkubali, lakini mimi hakunihesabu."

Basi sukari ikaja. Mnaikumbuka miaka ile. Watu walipanda miwa hadi mlango wa jikoni. Kuku walitaga humo, wakapotea humo. Mgeni alisimama barabarani akaita, nawe ukamjibu kwa sauti mpaka aione nyumba. Mkuu wa chuo, Bwana Erastus Were, akautazama uwanja wa soka. Hakuona uwanja. Aliona ekari.

Akapanda miwa. Nguzo za goli hakuzing'oa. Miwa ikapanda, ikazimeza zikiwa wima.

Wanafunzi walikaa chini wakaomboleza. Shikanga peke yake alikwenda ofisini akitembea kama mtu aliyeitiwa mahari.

"Bwana Mkuu, ile sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi."

"Imefanya nini?"

"Inatosha mchezo. Mpira wa kikapu."

"Kikapu? Mwalimu, kikapu hubebanga akina mama."

Hata hivyo Mkuu alikubali, kwa sharti. Miwa itakatwa mara moja tu, kisha iondolewe. Siku hiyo vijana watachagua wenyewe. Wakibaki kwenye kikapu, chuo ni cha kikapu. Wakirudi kwenye soka, Shikanga anarudi kwenye kibendera.

Narudia, kwa sababu jambo hili ni zito: alikuwa na muda wa muwa mmoja kukomaa. Baada ya hapo, kikapu au kibendera.

Akaanza kazi. Wanafunzi wa uchomeleaji wakaambiwa watengeneze pete mbili za chuma. Je, waliuliza ziwe za ukubwa gani? Hawakuuliza. Walipima mpira uliokuwa bwenini, mpira wa miguu, wakakunja chuma kiutoshe sawasawa. Siku ya mechi ya kwanza, mpira wa kikapu ulirushwa, ukapanda vizuri, ukakaa juu ya pete kama yai kwenye kikombe. Haukuingia. Wakatafuta ngazi wakaushusha. Wakaurusha tena. Ngazi tena. Wageni walirusha, nao wakaomba ngazi.

Mechi iliisha sifuri kwa sifuri.

Shikanga alishika kichwa. Wanafunzi walishangilia mpaka jioni. "Hatujafungwa!" waliimba. "Hatujafungwa!"

Pete zikatengenezwa upya. Ikabaki miguu. Wapendwa, mpira ukidondoka, kijana wa Eshibanda hainami. Anaupiga teke. Ukija kwa kasi, anautuliza kwa kifua. Ukitoka nje, anauliza kama ni kona. Na mbaya kuliko wote alikuwa Kipsang, kijana mrefu kutoka Lugari, mfungaji wa zamani wa timu ya soka. Mungu alimpa urefu wa kikapu, kisha akamwekea akili kwenye kifundo cha mguu.

"Mikono!" alipiga kelele Shikanga. "Mikono, Kipsang! Mungu alikupa mbili, za nini?"

"Za kula obusuma, Mwalimu."

Majirani wa chuo walijua saa kwa neno hilo. Wakisikia "Mikono!", waliweka maji ya chai jikoni.

Miwa ikakomaa. Siku ambayo wakataji waliingia ndiyo siku Eshibanda walicheza na chuo kimoja kutoka upande wa Kisumu. Na tazameni maajabu: vijana walicheza! Waliinama, wakaokota, wakadunda, wakapasiana. Shikanga alikuwa pembeni, analia bila kujua. Zikabaki sekunde za mwisho, wageni thelathini na moja, Eshibanda thelathini. Mpira ukamfikia Kipsang katikati ya sakafu. Alikuwa peke yake. Angekwenda polepole kama bibi harusi, bado angefika.

Lakini Kipsang aliinua macho. Nyuma ya ule ubao wa kikapu, mstari wa mwisho wa miwa ulikuwa umeanguka, na nguzo za goli zimesimama peupe.

Mguu ukamjibu kabla ya kichwa. Aliudondosha mpira, akaupiga teke. Ukapaa, ukazunguka, ukashuka ndani ya pete bila kugusa chuma.

Tuseme ukweli, lilikuwa jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kutendeka kwenye sakafu ile. Refa akapuliza filimbi. Teke halihesabiwi.

Nani alimsikia? Kipsang alibebwa juu juu. Chuo kizima, pamoja na mpishi, kilikimbia kuelekea kwenye nguzo kikiimba ushindi. Sakafuni walibaki wageni, refa, na mtu mmoja mfupi aliyeketi chini.

"Mwalimu," refa akauliza, "kwani hawa hawajui wameshindwa?"

"Hawajui. Na ukiwaambia, watakupiga."

Usiku huo alikitoa kibendera sandukuni. Mama Pascalia anasema alikipiga pasi. "Nikamwambia, Baba Muhonja, kibendera hakipigwi pasi. Akasema, acha. Hata msiba huvaliwa nguo safi."

Soka ilirudi. Ilidumu siku chache. Wapendwa, kisiki cha muwa kilichokatwa vizuri kina ncha kama mkuki. Vijana walichomwa nyayo, wakavumilia. Kisha mpira ukaangukia kisiki. Ukasema pssss. Wakatafuta mwingine. Nao ukasema pssss.

Shikanga alikuwa kwenye sakafu, anafagia punje za mahindi bila sababu, aliposikia mtu nyuma yake. Ni Kipsang, ameshika mpira uliosinyaa kama kofia.

"Mwalimu. Ule wako bado una upepo?"

"Unao. Lakini ni wa mikono."

"Mikono tu?"

"Kipsang, unataka nikufe hapa?"

"Na lile la juzi, kama ningelirusha kwa mikono, lingehesabiwa?"

"Tungeshinda."

Kipsang aliuachia chini ule uliosinyaa. Inaonekana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba walishindwa. Kisha akainama. Narudia, wasikilizaji: Kipsang aliinama, akauokota mpira wa kikapu kwa mikono yake miwili. Shikanga akaugeukia ukuta ili asionekane uso.

Visiki vikachipuka, bei ya miwa ilikuwa tamu, na Mkuu akaisahau ahadi yake. Uwanja ulirudi miaka mingi baadaye. Vijana wakaulizwa wachague. Waliohamia soka walihama. Waliobaki kwenye kikapu walikuwa wengi kuliko waliohama, na Shikanga akakichoma kibendera.

Je, chuo kilibadilika? Kililetewa ngao za kikapu, ziko ofisini, zina vumbi halali. Lakini mashabiki wa Eshibanda mpaka leo wanapiga kelele "Goli!" Jambo hilo lilimuua mzee kidogo kidogo. Hata akiwa mgonjwa kitandani, mjane wake anasimulia, redio ilitangaza kwamba Eshibanda wamefunga mabao hamsini na mbili. Aliketi wima. "Ni pointi!" akasema. "Mabao hamsini na mbili ni vita!" Mtangazaji yule ni wa stesheni hii. Tunaomba radhi, kwa kuchelewa.

Jumamosi jeneza liliposhushwa, watu walipita kaburini mmoja mmoja, kila mtu na konzi yake ya udongo. Akafika Kipsang, sasa mwalimu wa michezo mahali pa mwalimu wake, ameshika shada kubwa la maua kwa mikono yote miwili. Akautazama udongo. Akaitazama mikono iliyojaa. Akaanza kuusukuma udongo kwa kiatu.

"MIKONO!"

Hakuna aliyepanga. Umati mzima ulisema pamoja, wanafunzi wa zamani, majirani, hata padri. Mama Pascalia, aliyekuwa hajala tangu Jumanne, alicheka mpaka akashikiliwa.

Kipsang aliweka maua chini. Akainama. Akachota udongo kwa mikono miwili, akauinua juu ya kichwa kama alivyofundishwa, akauachia.

Uliingia.

Mama Pascalia, watoto, wajukuu, na Eshibanda yote: stesheni hii inawapa pole kutoka moyoni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini jambo moja. Kesho ukiona mpira unaviringika kuja kwako, mguu wako utajibu kwanza. Uzuie.

Inama.